Oxford kwa Miguu: Mwongozo wa Siku Moja kwa Anayefika Mara ya Kwanza

Maswali ni yale yale kila msimu. "Lango kuu la chuo liko wapi?" "Tiketi ya kuingia chuoni ni pauni ngapi?" "Kampasi inafungwa saa ngapi?" Wanaouliza ni wanafunzi wapya, wazazi waliosafiri kumwona mtoto, na ndugu zetu walioko London wanaotaka kutumia Jumamosi moja vizuri.

Oxford haina lango kuu, wala haina kampasi. Chuo kikuu kimetawanyika ndani ya mji wenyewe: zaidi ya koleji 30, karibu kila moja na ukuta wake, ua wake, kanisa lake dogo, ukumbi wake wa kulia chakula na mabawabu wake. Katikati ya koleji hizo kuna maduka, makanisa ya mtaa, mabasi na watu wanaoenda kazini. Kwa hiyo huwezi "kuingia chuoni" kwa tiketi moja. Unatembea barabarani, na kila mlango una saa zake na bei yake. Ukilielewa hilo kabla ya kutoka nyumbani, siku yako haitaharibika.

Njia iliyoelezwa hapa ina urefu wa kama kilomita 5 hadi 6. Ukitembea bila kuingia popote, saa mbili na nusu zinatosha. Ukiingia koleji mbili na makumbusho moja, hesabu saa sita pamoja na chakula.

Kabla hujatoka

Andaa haya:

- Viatu vya soli nene. Merton Street na Radcliffe Square zimetandikwa mawe ya mviringo, na soli nyembamba zitakuumiza kabla ya adhuhuri. Viatu vya kisigino kirefu usithubutu.
- Koti la mvua lenye kofia. Mwavuli unasumbua kwenye vichochoro, na kwenye ngazi za minara haufai kabisa.
- Kadi ya benki. Sehemu nyingi hazipokei fedha taslimu.
- Begi dogo la mgongoni. Sanduku la safari liache ulikofikia, maana koleji haziwekei wageni mizigo.
- Ramani uliyoipakua kwenye simu.
- Tiketi ya koleji ya Christ Church iliyonunuliwa mtandaoni, ikiwa unataka kuingia humo. Nyingine unaweza kulipia mlangoni.

Chagua siku kwa makini. Mwaka wa masomo una mihula mitatu ya wiki nane nane: Michaelmas (Oktoba hadi Desemba), Hilary (Januari hadi Machi) na Trinity (Aprili hadi Juni). Mei na Juni mji unapendeza kuliko wakati wowote, lakini ndio msimu wa mitihani na koleji kadhaa hufunga milango kwa wageni. Jumamosi za mahafali Sheldonian Theatre, ukumbi wa sherehe za chuo kikuu, hufungwa. Wiki ya Krismasi karibu kila kitu kimefungwa, na jua linazama kabla ya saa 10 na nusu jioni. Septemba ni mwezi mzuri: hakuna mitihani, mwanga bado ni mrefu, na umati wa Agosti umepungua.

Usiku wa kuamkia safari, fungua tovuti ya kila koleji unayotaka kuingia na uangalie saa za siku hiyo hiyo. Usitegemee alichokuambia rafiki aliyekwenda mwaka jana. Bei hubadilika, na koleji hufunga ghafla kwa sababu ya arusi, mkutano au usaili wa wanafunzi.

Jambo moja la kuokoa pesa: kama una ndugu au rafiki anayesoma Oxford, mwombe akutembeze koleji yake. Kwa kawaida mwanafunzi anaruhusiwa kuingia na wageni wachache bila malipo, na atakuonyesha sehemu ambazo tiketi haifiki.

Kufika

Treni kutoka kituo cha Paddington, London, huchukua kama saa moja. Kutoka stesheni ya Oxford hadi katikati ya mji ni mwendo wa dakika 15 kwa miguu, usipande teksi. Basi la Oxford Tube kutoka Victoria huenda polepole zaidi, karibu saa moja na dakika 40 barabara ikiwa nzuri, lakini mara nyingi ni nafuu na husafiri usiku na mchana. Kituo chake cha mwisho ni Gloucester Green, dakika tano kutoka tunapoanzia.

Kosa la kawaida hapa: kuandika "Oxford University" kwenye ramani ya simu na kufuata mshale. Wengine huishia kwenye ofisi fulani isiyo na la kuona, wengine hupelekwa Headington, mlimani mbali na katikati ya mji, kwenye Oxford Brookes ambacho ni chuo kikuu kingine kabisa. Andika "Carfax".

Mzunguko wenyewe

1. Anzia Carfax saa 4 asubuhi. Hii ni njia panda ya mji. Kusini ni St Aldate's, mashariki ni High Street, kaskazini ni Cornmarket na magharibi ni Queen Street. Simama ukijua pande zako nne, kwa sababu kila ukipotea baadaye utaulizia Carfax. Mnara ulioko kwenye kona ni mabaki ya kanisa la St Martin lililobomolewa mwaka 1896. Una vidato 99 na unapandika, ila kama nguvu au pesa zako zinatosha mnara mmoja tu, usiutumie huu. Subiri hatua ya 6.

2. Shuka St Aldate's hadi Christ Church. Dakika tatu tu. Mnara mkubwa ulio juu ya lango ni Tom Tower, uliobuniwa na Christopher Wren na kukamilika 1682. Ndani yake kuna kengele iitwayo Great Tom ambayo kila usiku hupigwa mara 101, kuanzia saa 3 na dakika 5 (21:05). Idadi hiyo ni ya wanafunzi 100 wa kwanza wa koleji na mmoja aliyeongezwa baadaye. Dakika tano za ziada zinatokana na saa ya zamani ya Oxford, ambayo kabla ya reli kuleta saa moja kwa nchi nzima ilikuwa nyuma ya Greenwich kwa dakika tano.

   Hapa watu wengi hukwama: wanapanga foleni chini ya Tom Tower kisha bawabu anawarudisha. Lango hilo ni la wenyeji. Wageni huendelea mbele kidogo, hupita kwenye bustani ya kumbukumbu ya vita iliyo mkono wa kushoto, na kuingilia upande wa mbuga. Ukumbi wa chakula hufungwa wakati wa mlo wa mchana, kwa hiyo tiketi ya asubuhi ndiyo nzuri. Kama hutaki kulipa, pita tu. Mbuga ni bure.

3. Tembea Broad Walk, kisha panda Merton Street. Broad Walk ni njia pana inayokwenda mashariki kando ya mbuga ya Christ Church. Baada ya mita mia mbili tatu hivi utaona njia ndogo ya kushoto inayopanda katikati ya kuta mbili, ikiwa na lango jembamba. Pita hapo. Ukitokea juu, koleji ya Corpus Christi iko kushoto kwako na koleji ya Merton kulia.

   Merton ilianzishwa 1264. Ua wake uitwao Mob Quad ni miongoni mwa nyua za kale kabisa za koleji hapa, na maktaba yake ni ya karne ya 14. Ukipata nafasi ya kuingia koleji moja ya kulipia nje ya Christ Church, hii inastahili, kwa sababu ni tulivu na umri wake unauona kwenye mawe yenyewe. Shida ni kwamba Merton, kama nyingi, hupokea wageni zaidi mchana. Ikiwa bango linasema imefungwa, usisubiri. Corpus Christi, jirani yake, ina nguzo ya saa ya jua ya 1581 yenye sanamu ya ndege mwari juu yake.

   Mwenye kigari cha mtoto au kiti cha magurudumu asipite hapa. Abaki Broad Walk hadi mwisho, atoke kwa Rose Lane na kuingia High Street, njia yote tambarare.

4. Fuata Merton Street hadi inapopinda na kuingia High Street. Ukiona vijana wamevaa suti nyeusi, joho na ua la "carnation" kifuani, ni watahiniwa wa Examination Schools, jengo kubwa lililo kwenye kona. Ua jeupe ni la mtihani wa kwanza, waridi kwa ya katikati, jekundu kwa wa mwisho. Wapishe, usiwasimamishe kwa picha. Aliyevaa jekundu akitoka nje huwa na furaha na hukubali mwenyewe.

   Hapa una uamuzi. Kulia, mwendo wa dakika chache, kuna Botanic Garden ya 1621, bustani ya mimea ya kale kuliko zote Uingereza, na ng'ambo yake Magdalen, koleji ya 1458 yenye mnara wa mita 44 na mbuga ya paa. Jina hilo hutamkwa "Modlin"; ukilisoma kama lilivyoandikwa utaulizwa mara mbili. Kama ni majira ya joto na una muda, nenda. La sivyo pinda kushoto.

5. Vuka High Street uingie Queen's Lane. Hiki ndicho kichochoro kizuri kuliko vyote Oxford, na wageni wengi hawakioni kwa sababu hakina duka hata moja zaidi ya mkahawa ulioko kwenye kona. Kuta ndefu pande zote mbili, kona baada ya kona, na ghafla kelele za mabasi zimekatika. Tembea polepole. Lakini tembea pembeni: waendesha baiskeli hukata kona hizi kwa kasi na hawawezi kukuona. Ajali nyingi ndogo za wageni hutokea hivi, mtu amerudi nyuma hatua mbili ili picha ikae vizuri.

   Kichochoro kinabadilika jina na kuwa New College Lane. New College, licha ya jina lake, ni ya 1379. Ndani ya bustani yake umesimama ukuta wa zamani wa mji, mzima na mrefu, kwa kuwa mwanzilishi wake alipopewa ardhi hiyo koleji ilifungwa na sharti la kuutunza. Bango la nje litakuonyesha lango la wageni. Kama umeikosa Merton, lipia hapa: kwa mlango mmoja unapata ukuta, kanisa, bustani na ua wa ndani wenye varanda za mawe.

   Karibu na mwisho wa njia utaona daraja lililofunikwa limepita juu ya barabara. Ni la Hertford College, limejengwa 1914, si la kale kama wengi wanavyodhani. Kabla hujalifikia, upande wa kulia kuna upenyo mwembamba sana uitwao St Helen's Passage, unaoishia kwenye baa ya Turf Tavern. Hata usipokunywa pombe, upenyo wenyewe unafaa kuuona, na ndani wanapika chakula.

6. Pinda kushoto Catte Street uingie Radcliffe Square. Hapa tenga saa nzima. Jengo la duara katikati ni Radcliffe Camera, kazi ya James Gibbs, lililojengwa kati ya 1737 na 1749. Ni chumba cha kusomea cha Maktaba ya Bodleian na mlangoni kuna mlinzi. Usijaribu kupenya nyuma ya wanafunzi. Njia pekee ya mgeni ni ziara ya kuongozwa, na hizo hujaa mapema.

   Upande wa kaskazini, pita chini ya tao uingie ua wa Bodleian wenyewe. Ua huu ni bure. Maktaba ilifunguliwa 1602, na juu ya milango midogo utasoma kwa Kilatini majina ya masomo yaliyokuwa yakifundishwa kila chumba: mantiki, sarufi, falsafa, tiba. Tiketi ya bei ndogo itakuingiza Divinity School, iliyoanza kujengwa 1427 na kumalizika 1483. Inua macho: dari ya mawe imesukwa mbavu hadi unajiuliza inajishikilia vipi. Kwa pesa utakazotoa, sioni chumba kingine Oxford kinachokurudishia zaidi.

   Upande wa kusini ni kanisa la St Mary. Mnara wake ndio wa kupanda. Una vidato 127, ngazi ni za kuzunguka, nyembamba, na wanaopanda hupishana na wanaoshuka. Begi livue mgongoni ulibebe mbele. Mwenye kizunguzungu au woga wa sehemu finyu abaki chini. Juu utaiona Camera kwa usawa wa macho, koleji ya All Souls na minara yake miwili upande wa mashariki, na mji mzima umepangika. Nenda kabla ya saa 6 mchana. Alasiri foleni hufika nje.

7. Toka kwa Brasenose Lane, vuka Turl Street, ingia sokoni ule. Brasenose Lane ina mfereji katikati ya njia kama mitaa ya zamani ilivyokuwa, basi angalia unapokanyaga. Ukifika Turl Street, koleji ya Exeter iko kulia, ya Lincoln kushoto na ya Jesus mbele yako upande wa kulia. Moja kwa moja mbele ni Market Street, na Covered Market iko mkono wa kushoto. Soko hili lilifunguliwa 1774 na bado lina mabucha, wauza mboga, washona viatu na vibanda vya chakula. Bei ni nafuu kuliko migahawa ya High Street.

8. Rudi Turl Street, panda hadi Broad Street. Pinda kushoto kwanza. Mbele ya koleji ya Balliol, katikati ya lami, kuna msalaba wa mawe uliolazwa barabarani. Hapo ndipo maaskofu Latimer na Ridley walichomwa moto 1555, na Cranmer 1556, kwa ajili ya imani yao ya Kiprotestanti. Wageni wengi hudhani mahali penyewe ni kwenye mnara wa kumbukumbu ulioko St Giles. Huo ulijengwa karibu miaka 300 baadaye. Balliol ndiko alikosoma Seretse Khama, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Botswana, mara tu baada ya Vita Kuu ya Pili.

   Sasa geuka urudi mashariki. Kulia kuna Makumbusho ya Historia ya Sayansi, bure, yenye ubao ulioandikwa na Einstein kwa chaki mwaka 1931. Jirani yake ni Sheldonian Theatre. Kushoto ni duka la vitabu la Blackwell's, la tangu 1879. Mlango ni mdogo, lakini shuka chini: chumba cha Norrington kimechimbwa chini ya koleji ya Trinity na kina rafu za kilomita kadhaa.

9. Panda Parks Road hadi kwenye makumbusho. Dakika kumi. Utapita Rhodes House kulia, na mbele kidogo koleji ya Keble kushoto, yote matofali ya rangi, tofauti kabisa na mawe ya manjano ya mji. Makumbusho ya Historia ya Asili (1860) iko upande wa kulia na ni bure. Pita mifupa ya dinosaria hadi ukuta wa nyuma, kuna mlango wa Pitt Rivers Museum. Pitt Rivers haina mlango mwingine wa wageni, na wengi huizunguka nje wakiutafuta.

   Vitu humo havikupangwa kwa nchi bali kwa aina: ngoma zote pamoja, mitego yote pamoja, shanga zote pamoja. Kwa hiyo ukitafuta "kabati la Afrika Mashariki" hutaliona. Tafuta aina ya kitu, kisha soma vibandiko vidogo. Tangu 2017 wajumbe wa Kimaasai kutoka Tanzania na Kenya wamekuja hapa kukagua vitu vya jamii yao. Walionyesha kwamba baadhi, kama vile bangili za urithi ambazo hazitolewi wala kuuzwa, havingeweza kutoka mikononi mwa familia kwa ridhaa. Ingia ukilijua hilo. Utaviangalia vitu kwa namna nyingine, na utasoma kibandiko ukitafuta kisichoandikwa: nani alikichukua, lini, na kwa njia gani.

10. Malizia Walton Street. Toka kwa Museum Road, pita upenyo wa Lamb and Flag, vuka St Giles, shika Little Clarendon Street hadi Walton Street. Jengo kubwa kama kasri ni la Oxford University Press, jina ambalo kila aliyesoma Kenya au Tanzania amelikuta kwenye jalada la kitabu cha shule. Shuka kusini. Upande wa kulia kuna jengo la matofali lililokuwa Ruskin College, chuo cha watu wazima na wanaharakati wa vyama vya wafanyakazi, kisichokuwa sehemu ya chuo kikuu. Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, alisoma hapo 1955 hadi 1956, akiwa na umri wa miaka 25. Ruskin ilihamia Headington, na sasa nyuma ya uso ule ule wa zamani kuna mabweni ya Exeter College. Kwa Mkenya, nadhani hapa panastahili dakika kumi kuliko madaraja yote ya mji.

    Mwisho wa Walton Street pinda kushoto Beaumont Street. Makumbusho ya Ashmolean iko kushoto, bure, na hufungwa saa 11 jioni (17:00). Ukimaliza, stesheni iko dakika kumi upande wa magharibi.

Adabu za mlangoni

Mabawabu ndio wenye neno la mwisho. Wasalimie kwanza, uliza kama wageni wanaruhusiwa leo, na usipite ukidhani mlango ulio wazi ni ruhusa. Wakikataa usibishane, kesho utawahitaji.

Usikanyage nyasi za uani. Kuna koleji ambako hata wanafunzi hawaruhusiwi, na utaitwa kwa sauti mbele ya watu. Usipande ngazi zilizoandikwa kuwa za binafsi: yale ni makazi ya watu, na dirisha unalolipiga picha huenda ni la mtu aliyelala. Ndani ya makanisa vua kofia kama umeivaa kwa ajili ya jua tu. Kilemba au hijabu haina tatizo.

Mambo yakienda kombo

*Koleji zote ulizozitaka zimefungwa.* Ikiwa ni wakati wa muhula, rudi jioni. Christ Church, New College na Magdalen zina ibada za kwaya karibu saa 12 jioni siku nyingi za wiki, na yeyote anaruhusiwa kuhudhuria bila malipo, wa imani yoyote. Fika dakika 20 kabla, mwambie bawabu umekuja kwa ibada, na kaa hadi mwisho. Utakuwa umeingia mahali ambapo mchana wangekutoza.

*Umechelewa, umefika saa 8 mchana.* Ruka hatua ya 2 na 3. Anzia Queen's Lane, fanya hatua ya 5, 6 na 8, kisha uende Ashmolean. Usijaribu kukimbiza zote kumi.

*Mvua imekaza.* Geuza mpango: anza na makumbusho ya Parks Road, kula Covered Market chini ya paa, kisha Divinity School. Minara iache, mawe huteleza na hufungwa upepo ukizidi.

*Unatafuta choo.* Kwenye jumba la maduka la Westgate, mwisho wa Queen Street, ni bure na safi. Makumbusho yote yana vyoo. Katikati ya Radcliffe Square na Queen's Lane hakuna, kwa hiyo jiandae kabla ya hatua ya 5.

*Wakati wa swala umefika.* Msikiti Mkuu wa Oxford uko Manzil Way, mtaa unaotokea Cowley Road. Kutoka hatua ya 4, vuka daraja la Magdalen, pita mzunguko wa The Plain, na ushike Cowley Road, kama dakika 15 kwa jumla. Barabara hiyo hiyo ina migahawa mingi ya halali, kwa hiyo Ijumaa ni busara kula huko badala ya sokoni.

*Karibu ugongwe na gari.* Uingereza huendesha upande wa kushoto, kama Kenya, Tanzania na Uganda. Anayetoka Kongo, Rwanda, Burundi au Omani aangalie kulia kwanza kabla ya kukanyaga barabara. Baiskeli angalia pande zote mbili hata kwenye barabara ya njia moja.

*Mtu amekukaribisha "ziara ya bure" Broad Street.* Si ya bure: mwisho wa ziara hutegemewa utoe bahashishi. Wengi wao wanaujua mji vizuri, lakini uliza mapema ziara itachukua saa ngapi na kama inaingia koleji yoyote. Nyingi huishia nje ya milango.

*Simu imezima na hujui uliko.* Tafuta barabara yenye mabasi mengi, uliza Carfax. Popote ulipo kwenye mzunguko huu, hauko zaidi ya dakika 20 kwa miguu.